Silikoni Ipi Haiwadhuru Samaki? Maswali ya Wasomaji na Majibu

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: tangi la samaki linavuja, na mwenye tangi hajui anunue silikoni gani. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa karibu kila jambo ambalo wengine wanalihitaji, na nawaomba hao wengine waisome kwanza kabla ya kufika kwenye majibu yao.

Swali

Ndugu Mshauri, salamu. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 45, ambamo watoto wangu wanafuga samaki wadogo wa mapambo. Tangu mwezi uliopita sakafu imekuwa ikilowa upande wa kona moja ya chini. Nilipokwenda dukani niliambiwa kwamba silikoni zote ni sawa maadamu zimeandikwa kuwa hazipitishi maji, nikauziwa ile ya bafuni. Kabla sijaifungua, jirani yangu akanionya kwamba itawaua samaki. Nimwamini nani, na nikishapata silikoni inayofaa, je, inatosha kupaka kidogo pale kwenye kona?
Mama wa watoto watatu, Tanga

Jibu

Mama, jirani yako amesema kweli, na amekuokolea samaki wa watoto. Usiifungue tyubu hiyo. Irudishe dukani, au uiweke kwa ajili ya sinki na ukuta wa bafu, kwani huko ndiko ilikokusudiwa.

Silikoni yenyewe, ikishakauka mpaka ndani, ni mpira usioyeyuka katika maji na usiowadhuru samaki. Ndiyo inayoshikilia vioo vya matangi yasiyo na fremu tangu miaka ya 1960, wakati matangi ya kioo kitupu yalipoanza kuchukua nafasi ya yale ya zamani yenye fremu za chuma na mishono iliyozibwa kwa puti. Kinachodhuru ni kile kinachochanganywa ndani ya silikoni kwa ajili ya kazi nyingine. Mishono ya bafuni huota kuvu nyeusi, kwa hiyo watengenezaji huongeza dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo imepangwa itoke kidogo kidogo kwa muda mrefu, kwa sababu isipofika juu ya silikoni haiwezi kukutana na kuvu. Bafuni maji hupita na kwenda zake. Katika tangi maji ni yaleyale usiku na mchana, na samaki huyapitisha kwenye matamvua yake bila kupumzika, hivi kwamba kiasi ambacho hakimdhuru mtu anayeoga kinaweza kumwua samaki anayeishi humo. Katika baadhi ya michanganyiko ya zamani dawa hiyo ilikuwa na aseniki.

Kwa hiyo yale maneno ya muuzaji kwamba haipitishi maji ni ya kweli, lakini hayajibu swali lako, kwa kuwa silikoni zote hazipitishi maji zikikauka. Geuza tyubu usome nyuma. Ukiona maneno kama “anti-fungal”, “mould resistant”, “mildew resistant” au “sanitary”, au picha ya bafu na sinki, hiyo si ya tangi, hata kama rangi yake ni angavu na bei yake ni kubwa. Iache pia ile inayosifiwa kwamba inaweza kupakwa rangi juu yake, maana kwa kawaida hiyo si silikoni tupu bali ni akriliki iliyotiwa silikoni kidogo, na akriliki ya namna hiyo haivumilii kukaa chini ya maji. Unalotafuta ni maandishi yanayosema kwamba ni silikoni asilimia 100, na juu ya hayo, neno “aquarium” lililoandikwa na mtengenezaji mwenyewe. Maandishi ya asilimia 100 peke yake hayatoshi, kwani hata silikoni yenye dawa ya kuvu huandikwa hivyo.

Jambo la pili la kutazama ni namna silikoni inavyokauka. Silikoni hukauka kwa kuunyonya unyevu wa hewani, na wakati huo hutoa kitu fulani nje. Aina ya zamani zaidi, ambayo kwenye tyubu huandikwa “acetoxy” au “acetic”, hutoa asidi ileile iliyomo katika siki, na ndiyo sababu harufu yake huwasha pua. Silikoni nyingi za matangi ni za aina hii, kwa kuwa hushika kioo kwa nguvu sana, na harufu ya siki ikishakwisha, asidi yenyewe imekwisha. Aina ya pili huandikwa “neutral”. Hiyo haitoi siki, bali nyingine hutoa pombe na nyingine hutoa kemikali za jamii ya oksimu. Aina hii ina kazi zake nzuri, ambazo nitazieleza nikiwajibu wafugaji wa Kigoma, lakini nyingi ya zile zinazouzwa kwa ajili ya madirisha na bafu zimetiwa dawa ya kuvu, na mnunuzi wa kawaida hana njia rahisi ya kutofautisha. Tahadhari moja hapa: harufu ya siki inakuambia namna silikoni inavyokauka tu, haikuhakikishii kwamba haina dawa, kwani zipo silikoni za bafuni zinazonuka siki vilevile.

Bila shaka utataka pia majina. Silikoni inayoitwa Silirub AQ, ya kampuni ya Soudal ya Ubelgiji, imetengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki. Huko Marekani wafugaji wengi na watengenezaji wa matangi wameizoea ile ya GE inayoitwa RTV108, ambayo ni ya siki. Lakini ushike namba na herufi zote, usishike jina la kampuni peke yake. Kampuni moja huuza silikoni za aina nyingi zinazofanana kwa sura: hata chini ya jina hilo la GE ziko Silicone 1 na Silicone 2, na mtu aliyetumwa dukani akiwa ameshika jina la kampuni tu anaweza kurudi na tyubu nyingine kabisa akiamini amenunua ileile.

Kwa aliyeko Tanga, mahali pa kwanza pa kuuliza ni kwa wauzaji wa samaki wa mapambo, kwa kuwa wao hutengeneza matangi kila mara na hawawezi kuvumilia hasara ya samaki kufa. Mwombe akuonyeshe tyubu anayotumia, usiridhike na maneno. Mahali pa pili ni maduka makubwa ya vioo, ambayo mara nyingi huwa na silikoni za kioo za kila aina, zikiwemo zile za siki zisizo na dawa. Maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi ni ya mwisho katika orodha yangu, si kwa sababu wauzaji wake ni waongo, bali kwa sababu wateja wao wengi hununua kwa ajili ya bafu na madirisha.

Ukipata tyubu isiyotaja samaki kabisa, wala kwa ruhusa wala kwa katazo, mwombe kijana mmoja nyumbani atafute kwenye intaneti karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo, ambayo watengenezaji wakubwa huitoa bure. Katika karatasi hiyo sehemu ya 3 ndiyo inayoeleza vitu vilivyomo. Silikoni ya siki huonyesha jina refu lenye “triacetoxysilane” ndani yake. Ukikuta neno linaloishia na “isothiazol-3-one” au “isothiazolinone”, hiyo ni dawa ya kuua kuvu na bakteria, nawe huna haja ya kuendelea kusoma. Kwa kuwa vitu vilivyomo kwa kiasi kidogo sana vinaweza kuachwa nje ya karatasi hiyo, kutokuona dawa si uthibitisho kamili, na neno la mtengenezaji kwamba bidhaa yake inafaa kwa matangi ndilo lenye uzito zaidi.

Sasa tuje kwenye kona. Kwanza hakikisha kwamba panavuja kweli, kwa sababu nimewaona watu wakibomoa tangi zima ilhali maji yalikuwa yakirushwa na bomba la chujio, au yakiteremka kwenye kijimrija cha pampu ya hewa. Kausha nje ya tangi, weka magazeti makavu chini yake pande zote, na utazame yanaanza kulowa wapi. Maji hupenda kutambaa kando ya mshono kabla ya kudondoka, hivyo mahali palipolowa si lazima pawe ndipo penye tundu. Ukiweza kuwahamisha samaki mapema, yaache maji yapungue yenyewe bila kuongeza: pale yatakapoacha kushuka ndipo ulipo usawa wa tundu.

Kuhusu kupaka kidogo pale panapovuja, jibu langu ni hapana, na hili nalisisitiza kuliko jambo lolote katika barua hii. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kukauka. Hushika kioo kisafi. Kiraka kinaweza kuonekana kimekaa, kikatulia wiki mbili, kisha maji yakapenya kati ya cha zamani na kipya. Fikiria mzigo wenyewe: tangi lako likijaa hubeba lita 182 hivi, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hizo ni kilo 182 kabla hujahesabu vioo na changarawe. Maji hayo hukisukuma kioo cha mbele peke yake kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 91, usiku kucha, kila siku. Kama lingekuwa na kina cha sentimita 60 badala ya 45, msukumo huo ungefika kilo 162, maana kina kikiongezeka kidogo msukumo huongezeka sana.

Kila tangi la kioo lina silikoni ya aina mbili za kazi. Iko ile nyembamba iliyo katikati ya kioo na kioo, ambayo ndiyo inayobeba nguvu, na uko ukanda wa ndani unaopita katika kona zote, ambao kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasifike katikati. Tazama mshono unaovuja kutoka nje. Ukiona silikoni ya katikati imejaa bila mapovu marefu wala sehemu nyeupe zilizoachana na kioo, basi kubadilisha ukanda wa ndani kutatosha. Ukiona mapovu yaliyoungana kutoka ndani hadi nje, au vioo vinachezacheza, hiyo ni kazi ya kulifungua tangi na kuliunganisha upya, nayo nakushauri umpe fundi mwenye uzoefu wa matangi, ukiwa umemnunulia silikoni wewe mwenyewe.

Kwa ukanda wa ndani, wahamishie samaki katika ndoo au beseni ambalo halijawahi kutiwa sabuni, pamoja na maji yao na pampu ya hewa. Sponji ya chujio iache ndani ya maji hayohayo ya tangi ikiwa inapata hewa, kwa sababu humo ndimo wanamoishi bakteria wanaoondoa amonia, ile sumu inayotokana na taka za samaki, na ikikauka utaanza upya. Kisha ondoa ukanda wote wa ndani, wa chini na wa kona zote nne. Usiondoe sehemu inayovuja tu, kwani pale ukanda mpya utakapokutana na wa zamani ndipo utakapovuja mara ya pili. Tumia wembe mpya, na ubadilishe wembe kila unapopoteza makali. Usiuzamishe kati ya vioo, usije ukaikata silikoni inayobeba nguvu. Yale mabaki membamba yasiyoonekana kwa macho bali huhisiwa na kidole kama utelezi ndiyo yanayoharibu kazi nyingi, kwa hiyo kwangua tena hata ukidhani umemaliza.

Baada ya hapo futa kioo kwa asetoni tupu na kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, mara mbili au tatu, na kila mara kwa kitambaa kipya. Ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha inafaa iwapo tu ni asetoni tupu, kwani nyingi huwa na mafuta na manukato yatakayobaki kwenye kioo. Asetoni inawaka moto upesi, kwa hiyo jiko liwe mbali na madirisha yawe wazi. Tangu hapo usiguse kwa kidole mahali patakapopakwa.

Bandika utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi, pande zote mbili za kila kona, ukiacha milimita nane hivi kila upande. Kata ncha ya tyubu kwa mshazari, paka kwa mkono usiosimama kuanzia kona za wima hadi sakafuni, kisha lainisha kwa kidole kilichovaa glavu, mara moja tu kwa kila mshono, na uvute utepe papo hapo silikoni ikiwa bado mbichi. Una dakika tano mpaka kumi kabla haijaanza kufanya ngozi, na ukiichezea ikiwa na ngozi utaitoboa. Kwa tangi la vipimo vyako mishono ya ndani ina urefu wa mita nne na nusu kwa jumla, inayohitaji mililita 150 hivi, kwa hiyo tyubu moja ya kawaida ya mililita 280 au 300 inatosha hata ukipoteza nyingine njiani.

Kisha subiri. Silikoni hukauka kutoka nje kwenda ndani, kwa milimita mbili au tatu hivi kwa siku, na saa 24 zilizoandikwa kwenye tyubu nyingi ni za ukanda mwembamba katika hali nzuri ya hewa. Mimi mwenyewe niliwahi kujaza tangi siku ya pili kwa sababu juu palikuwa pamekauka, nikawapoteza samaki sita, na nilipokwangua nikakuta ndani ya kona bado ni laini na bado pananuka siki. Tangu siku hiyo nangoja wiki nzima kwa ukanda wa ndani, na wiki mbili kwa tangi lililounganishwa upya. Unyevu wa Tanga utakusaidia. Aliyeko Dodoma wakati wa kiangazi au Nairobi katika baridi ya Julai aongeze siku. Kipimo chako kiwe pua: lifunike tangi kwa kitambaa usiku mmoja, asubuhi lifunue uinuse, na ukisikia siki, ngoja.

Ukiridhika, lijaze nusu, ulale, kisha lijaze lote, uliache siku mbili juu ya magazeti makavu. Mwaga maji hayo, suuza, ujaze tena, ndipo uwarudishe samaki. Na meza yake ipime kwa pimamaji kabla ya yote. Tangi lililokaa juu ya meza iliyopinda husokotwa na uzito wake lenyewe, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu mshono mmoja huachia ilhali mingine mitatu bado ni mizima.

Swali

Kwa Mshauri. Nilimwomba fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa Nairobi anitengenezee tangi jipya la futi nne. Kazi yake ni nadhifu, lakini samaki niliowatia siku ya tatu walianza kuhema juu ya maji, na watano wakafa. Je, ni silikoni? Nikililoweka tangi wiki nzima, je, tatizo litaisha?
Mfugaji, Nairobi

Jibu

Ndugu yangu, inawezekana ni silikoni, lakini usimhukumu fundi kabla ya kuwapima mashahidi wawili. Tangi jipya halina bakteria wa kuondoa amonia, nao huchukua wiki nne hadi sita hivi kujijenga. Samaki waliotiwa wengi kwa pamoja katika maji mapya huhema namna hiyohiyo hata kama silikoni ni bora kabisa. Pima amonia kwanza. Ikiwa ipo, umepata angalau sehemu ya jibu.

Shahidi wa pili ni tyubu tupu. Mwombe fundi akuonyeshe, au akutajie jina lake kamili na namba. Mafundi wa aluminiamu wana sababu njema ya kuikwepa silikoni ya siki, kwani asidi yake hula metali, na kwa hiyo tyubu walizo nazo karakana mara nyingi ni zile zisizotoa siki, zilizokusudiwa kukaa nje katika mvua na jua. Baadhi hazina dawa ya kuvu, baadhi zinayo.

Kulowesha kunasaidia katika hali moja tu: ikiwa silikoni haina dawa bali ilikuwa haijakauka vizuri. Hapo liache kavu na wazi wiki mbili, kisha ulijaze na kulimwaga mara kadhaa. Ikiwa ina dawa ya kuvu, kulowesha wiki moja hakutaiondoa, kwa kuwa imetengenezwa idumu miaka. Italazimu vioo vifunguliwe, vikwanguliwe na kuunganishwa upya. Najua hiyo ni gharama mara mbili, na inauma. Hata hivyo vioo vyenyewe havijaharibika, na kioo ndicho sehemu ya ghali ya tangi la futi nne.

Swali

Mshauri, tunawahifadhi samaki wa Ziwa Tanganyika katika matangi ya saruji yenye dirisha la kioo mbele, kabla hawajasafirishwa. Maji yanapita kati ya kioo na saruji. Silikoni ya siki tuliyopaka imebanduka kama ngozi ya nyoka. Tulikosea wapi?
Wafugaji wawili, Kigoma

Jibu

Ndugu zangu, hamkukosea katika kuchagua silikoni ya samaki. Mlikosea katika kuipeleka kwenye saruji. Saruji ina chokaa, na chokaa hupambana na asidi ya siki. Silikoni inapokuwa inakauka, asidi inayotoka hula uso wa saruji na kuacha unga mwembamba, kwa hiyo mpira wenu umeshika unga badala ya ukuta. Hata mkiirudia mara kumi itabanduka.

Hapa ndipo silikoni isiyotoa siki ina kazi yake, mradi mtengenezaji athibitishe kwamba haina dawa ya kuvu na kwamba inavumilia kukaa chini ya maji daima, jambo ambalo silikoni nyingi za madirisha hazikukusudiwa. Ondoeni ya zamani yote, sugueni saruji kwa brashi ya waya mpaka unga uishe, na muiache ikauke kabisa, kwani saruji iliyolowa ndani hukauka juu na kudanganya. Mtengenezaji mwenye bidhaa ya saruji kwa kawaida hutaja pia dawa ya kutangulizia ambayo hupakwa kwanza ili silikoni ipate pa kushika. Msiiruke hatua hiyo. Acheni nafasi ya milimita kadhaa kati ya kioo na saruji iliyojazwa silikoni, kioo kisiguse ukuta, maana saruji na kioo havitanuki kwa kiasi kimoja.

Kuta zenyewe zikivuja, silikoni si dawa yake. Tafuteni rangi ya epoksi au mchanganyiko wa saruji wa kuzuia maji ambao umeidhinishwa kwa matangi ya maji ya kunywa, na mwoshe kuta kwa kujaza na kumwaga kabla ya kutia samaki. Saruji mpya hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi au ubesi wa maji, na ingawa samaki wa Tanganyika wamezoea maji ya ziwa yenye pH inayokaribia 9, saruji isiyooshwa inaweza kupita hapo kwa mbali.

Swali

Je, silikoni nyeusi ni salama kama ile angavu? Nataka kuweka maji ya chumvi.
Msomaji, Mombasa

Jibu

Ndiyo, ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya matangi. Weusi ni rangi tu iliyotiwa ndani, nayo maji ya chumvi hayana tatizo na silikoni yoyote inayofaa kwa maji baridi. Mimi napendelea nyeusi kwa tangi lenye taa kali, kwa sababu mwani hupenda kuingia chini ya kingo za silikoni angavu na kuzifanya zionekane chafu. Lakini angavu ina faida moja kwa anayejifunza: mapovu na sehemu zisizoshika huonekana mapema.

Swali

Nilirudi kutoka Dar es Salaam na tyubu mbili za silikoni ya samaki, moja nikaitumia nusu. Zimekaa stoo kwa zaidi ya mwaka, na joto la hapa unalijua. Je, bado zinafaa?
Msomaji, Muscat

Jibu

Tazama tarehe iliyopigwa chini ya tyubu au kwenye ubavu wake. Silikoni nyingi hudumu miezi 12 hivi tangu zitengenezwe, zikiwa zimefungwa na mahali pasipo joto kali, na stoo ya Muscat wakati wa kiangazi si mahali pa namna hiyo. Ile uliyoifungua usiitumie kwenye tangi kabisa, hata kama kipande kilichoganda kwenye ncha kinatoka na nyuma yake kuna laini, kwa kuwa unyevu umekwisha kuingia.

Ile iliyofungwa ijaribu. Kamulia mstari wa unene wa milimita tano juu ya kipande cha kioo kilichofutwa kwa asetoni, uuache siku tatu, kisha uvute kwa vidole. Silikoni nzima hukauka ikawa mpira unaorudi ukivutwa, na kuibandua kwenye kioo utahitaji wembe. Iliyopitwa na wakati hubaki yenye kunata, au hukatika kama jibini, au hutoka kioo kikiwa safi kana kwamba haikuwahi kushika. Ukiona lolote kati ya hayo, iache tyubu hiyo na ununue mpya kwa ajili ya samaki.